Maswali ya Wasomaji: Kutoka Hazina hadi Kiti cha Ombudsmani

SWALI: Sir Edmund Compton, ombudsmani wa kwanza wa Uingereza (ofisa anayechunguza malalamiko ya wananchi dhidi ya wizara za serikali), alikuwa mtumishi wa serikali wa muda mrefu. Mtu kama huyo angewachunguzaje wenzake? Na malalamiko yalimfikiaje?

JIBU: Shaka yako ina msingi, ila tazama alikopitia. Alitoka Hazina, na mwaka 1958 akawa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, cheo kinachoripoti kwa Bunge, si kwa waziri. Alipoanza uombudsmani mwaka 1967 alikuwa keshazoea kudai majalada ya wizara. Mtu wa masjala haridhiki na barua aliyopelekewa mwananchi. Hutafuta dokezo lililoitangulia: nani alishauri, alikuwa na karatasi zipi mezani, nani akatia saini bila kuuliza.

Kesi ya Sachsenhausen, kambi ya mateso ya Wanazi huko Ujerumani, ndiyo iliyoonyesha faida ya tabia hiyo. Mwaka 1964 Ujerumani Magharibi ilikubali kutoa pauni milioni 1 kwa Waingereza waliodhulumiwa na Wanazi. Wizara ya Mambo ya Nje ikawanyima watu 12, kwa hoja kwamba sehemu walimofungiwa haikuwa kambi yenyewe. Compton akakuta uamuzi wa kwanza ulisimama juu ya taarifa nusunusu, kisha ukang'ang'aniwa hata ushahidi mpya ulipoletwa. Waziri, George Brown, alikubali kuwalipa huku akisisitiza kwamba hakukosea. Mkaidi, lakini fedha zilitoka.

Kuhusu njia: sheria ya 1967 haikumruhusu mwananchi kumwendea ombudsmani moja kwa moja. Alimwandikia mbunge ndani ya miezi 12 tangu alipolijua jambo, mbunge akalipeleka mbele. Mkuu wa wizara hupewa nafasi ya kujibu tuhuma, kisha majalada hufunguliwa, isipokuwa ya Baraza la Mawaziri. Ombudsmani hawezi kuamuru malipo. Wizara ikikaidi, anaweza kuwasilisha ripoti maalumu kwenye mabunge yote mawili.

Malalamiko mengi hukwama kwa sababu mlalamikaji ameshambulia uamuzi wenyewe. “Nilistahili kupewa” haitoshi, kwa kuwa uamuzi uliofikiwa bila utendaji mbovu haumhusu ombudsmani. Andika kilichoharibika: barua ya tarehe fulani haikujibiwa, kielelezo kilipokelewa lakini hakikusomwa, jalada lilikaa miezi saba kwa ofisa mmoja. Na kama ungeweza kwenda mahakamani, eleza kwa nini haikuwa rahisi kufanya hivyo, maana swali hilo huulizwa mapema.