Unaanza kuuza viazi Malindi? Uliza mvua kabla ya bei

Viazi tunavyokaanga Malindi havilimwi hapa, joto letu haliviachi vitunge vizuri. Vinashuka kutoka Nyandarua, Meru na Molo, kwenye baridi na unyevu, na hali hiyohiyo ndiyo inayolea bakajani chelewa, ugonjwa unaoua majani ya viazi na kuozesha viazi vyenyewe. Kwa hiyo wewe unayefungua banda sokoni unaweza kuuziwa ugonjwa wa shamba usilolijua. Dalali akipiga simu, muulize kwanza kama mvua ilinyesha wiki za mwisho kabla ya kuvuna. Halafu muulize ni viazi aina gani.

Kwenye aina ndipo wengi wanapopigwa. Shangi ndiyo inayojaa malori: hukomaa kwa takriban miezi mitatu, huiva upesi, na wapishi wa viazi karai wameizoea. Ila bakajani inaionea sana, na mkulima wake hunyunyiza dawa msimu mzima. Sherekea na Kenya Mpya, zilizotoka kwa watafiti wa kituo cha utafiti wa viazi cha Tigoni mwaka 2010, zinastahimili zaidi. Dalali akikutajia majina hayo usitulie bado. Jani kustahimili ni jambo moja, kiazi kustahimili ni jingine. Shamba laweza kuonekana kijani, kumbe mvua imeosha vimelea kutoka majani machache yenye madoa ikavishusha tutani hadi kwenye viazi. Tena kimelea chenyewe hubadilika, na aina iliyokishinda zamani huenda leo ikashindwa nacho. Mimi jina la aina nalihesabu nusu ya jibu. Nusu ya pili ni hii: majani yalikatwa lini? Mkulima anayefyeka majani kisha akangoja wiki mbili hivi ndipo achimbe, viazi vyake vina ngozi iliyokaza na vimelea vya juu vimeshakufa. Wengi hawangoji, bei ikipanda wanachimba.

Lori likifika, shika kisu, upasue vichache kutoka kila gunia, na vya chini pia. Ukiona rangi ya kutu chini ya ngozi, imeingia ndani ovyoovyo na ni ngumu, hiyo ni bakajani. Ukiona pete ya kahawia, na ukiibinya inatoa utelezi mweupe, huo ni mnyauko bakteria, ugonjwa mwingine kabisa. Aina inayostahimili bakajani si lazima istahimili huu.

Kiazi chenye bakajani hakikai. Bakteria wa kuozesha hupitia palepale, na kwa joto letu la Februari utasikia harufu kabla hujaona maji chini ya gunia. Panga magunia juu ya mbao, kivulini, hewa ipite. Vilivyooza vizike, usivitupe karibu na nyanya za jirani, maana bakajani hiyohiyo hushika nyanya.

Na hasara ya vilivyooza ni ya nani? Kubalianeni kabla lori halijaondoka bara, na pesa ya mwisho itume ukishapasua. Ukilipa yote mapema, simu ya dalali haitashikwa.