Maswali na Majibu: Hakulinen aliwezaje kilomita 15 na 50 kwa mwili uleule?

SWALI: Mwalimu, mimi ni kocha wa vijana wa mbio ndefu hapa Bonde la Ufa. Nimesoma habari za Veikko Hakulinen wa Ufini, bingwa wa zamani wa mbio za kuteleza kwenye theluji. Alishinda kilomita 50 za Olimpiki, baadaye kilomita 30, akawa pia bingwa wa dunia wa kilomita 15, na mwishoni akaingia bayathloni, ule mchezo wa kuteleza na kulenga shabaha. Mwili mmoja unawezaje yote hayo? Na je, kijana wangu anayefanya vizuri mita 10,000 naweza kumwingiza marathoni msimu huohuo?

JIBU: Ndugu kocha, swali lako la pili nitalijibu mwishoni, maana jibu lake limo ndani ya la kwanza.

Anza na mpangilio wa ushindi wake, kwa sababu umekwenda kinyume na tulivyozoea. Sisi humlea kijana kwenye mbio fupi, halafu miaka ikisogea tunampeleka marathoni. Hakulinen alianza na iliyo ndefu kuliko zote. Katika Olimpiki ya Oslo, Norwe, mwaka 1952, akiwa na miaka 27, alishinda kilomita 50 kwa saa 3, dakika 33 na sekunde 33, na aliyemfuata alikuwa nyuma kwa zaidi ya dakika 4. Miaka miwili baadaye, mjini Falun, Uswidi, akawa bingwa wa dunia wa kilomita 15, na katika mashindano hayohayo akachukua medali ya fedha ya kilomita 30 na ya kilomita 50. Mwaka 1956 kule Cortina, Italia, kilomita 30 zilipoingizwa kwenye Olimpiki kwa mara ya kwanza, dhahabu ilikuwa yake. Mwaka 1958, Lahti, Ufini, akatwaa tena ubingwa wa dunia wa kilomita 15.

Sasa acha kuhesabu kilomita, hesabu dakika. Kilomita 15 zilimchukua kama dakika 52 alipozishindania katika Olimpiki ya Squaw Valley, Marekani, mwaka 1960, na kilomita 50 zikamchukua karibu saa 3. Kwa mkimbiaji wako, dakika 52 ni zaidi ya muda wa mita 10,000, na saa 3 ni zaidi ya marathoni ya mtu hodari. Shughuli ya dakika 52 na ya saa 3 zote hupata karibu nguvu zake zote kutokana na oksijeni. Moyo mkubwa, damu inayobeba hewa nyingi, misuli yenye mishipa midogo tele: mahitaji ni yaleyale. Tofauti ya kimwili kati ya mita 800 na mita 10,000 ni kubwa kuliko tofauti kati ya 15 na 50 za Hakulinen, ingawa kwenye karatasi haionekani hivyo.

Lakini hiyo haitoshi kueleza Squaw Valley, na hapo ndipo ningependa ukae kwa muda. Tarehe 23 Februari alipata shaba ya kilomita 15. Tarehe 25 alikimbia zamu ya mwisho ya mbio za kupokezana, kilomita 10, na Ufini ikashinda. Tarehe 27 alipata fedha ya kilomita 50, nyuma ya Mfini mwenzake Kalevi Hämäläinen kwa sekunde 20 na ushei. Kilomita 75 za mashindano ndani ya siku tano, akiwa na miaka 35, tena kwenye mwinuko wa karibu mita 1,900, si mbali sana na ule wa Eldoret. Yeye hakuzaliwa milimani kama vijana wako.

Mkimbiaji hawezi ratiba hiyo, na sababu haiko kwenye mapafu. Kila mguu unapotua, misuli ya paja inakaza huku inavutwa kurefuka, na kazi ya namna hiyo ndiyo inayochana nyuzi za misuli. Baada ya marathoni kijana anashuka ngazi kinyumenyume, unajua mwenyewe. Anayeteleza kwenye theluji hatui. Anajisukuma, anateleza, na mzigo anaugawa: miguu, kiwiliwili, na mikono inayosukuma fimbo. Anachoka sana, pengine zaidi ya mkimbiaji, ila hachaniki kwa kiasi hicho. Uchovu wa kuishiwa chakula mwilini huondoka kwa siku mbili za kula na kulala, jeraha la misuli linadai majuma. Emil Zátopek alishinda mita 5,000, mita 10,000 na marathoni kule Helsinki mwaka 1952, na mpaka leo hakuna aliyerudia hayo katika Olimpiki moja.

Kinachobadilika hasa kutoka 15 hadi 50 ni akiba ya glaikojeni, yaani sukari ambayo mwili umeihifadhi kwenye misuli na ini. Kwa kasi ya mashindano inakwisha baada ya saa moja na nusu au mbili hivi. Kwa kilomita 15 unaweza kuitumia ovyo na usiadhibiwe. Kwa kilomita 50 lazima unywe vinywaji vitamu njiani na ujue kujizuia mapema.

Halafu kuna ufundi. Philip Boit, mkimbiaji wetu wa mita 800, alikwenda kufanya mazoezi Ufini, kisha akashindana kilomita 10 za kuteleza kwenye Olimpiki ya Nagano, Japani, mwaka 1998. Alitumia dakika 47 na ushei, wakati mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwe, alitumia 27 na ushei. Dæhlie alimsubiri kwenye mstari wa mwisho akamkumbatia, na Boit alirudi Olimpiki mwaka 2002 na 2006. Namheshimu sana mtu huyo. Lakini dakika 20 zile hazikutokana na pumzi. Ni uwezo wa kusimama juu ya ubao mmoja unaoteleza, kuukandamiza kwa wakati wake ili nta iliyo chini ya unyayo ishike theluji, kisha kuuachia. Wafini huujifunza utotoni. Hakulinen, ambaye kazi yake ilikuwa ya misitu, alikuwa na ufundi huo kiasi kwamba kila hatua ilimgharimu kidogo, na nafuu ya kila hatua hukusaidia kwenye mbio za kilomita 15 na za 50 vilevile.

Ule ushindi wa kupokezana wa Squaw Valley una funzo lake. Katika mbio za mtu mmoja za enzi zake waliachiwa kwa kupishana, kila mmoja akipambana na saa. Katika kupokezana mnaonana uso kwa uso. Alianza kama sekunde 20 nyuma ya Håkon Brusveen, bingwa mpya wa kilomita 15, akamfikia, na Ufini ikashinda kwa chini ya sekunde moja. Mtu wa kilomita 50 aliyekuwa bado na mbio za mwisho!

Bayathloni aliiingia akiwa amekaribia miaka 40, akapata fedha ya timu katika ubingwa wa dunia wa 1963 na kushiriki Olimpiki ya 1964. Siku hizo risasi moja iliyokosa shabaha iliongeza dakika 2 kwenye muda wako. Pumzi haikufutii kosa hilo, inabidi ujue kupunguza kasi kabla ya kufika uwanja wa shabaha.

Kijana wako basi. Injini anayo, miguu bado. Mwache amalize msimu wa mita 10,000, umpumzishe majuma matatu au manne, kisha umjaribu nusu marathoni. Mbio ndefu za mazoezi ziongeze taratibu, umfundishe kunywa akiwa mbioni, na umzoeshe miteremko kidogokidogo, kwa sababu mteremko ndio unaotayarisha paja kwa kilomita za mwisho. Akiweza kukimbia kwa kawaida ndani ya siku nne baada ya nusu marathoni, niandikie tena tuzungumzie marathoni.