Wachezaji wa timu moja wakipigana, nahodha alaumiwe kwa lipi hasa?

Wakuu, nimesoma hoja za kila upande tangu Jumatatu ile ya tarehe 24 Novemba 2025, Everton walipokuwa Old Trafford, uwanja wa Manchester United, na Idrissa Gueye wa Everton akamzaba kofi Michael Keane, mwenzake wa timu moja, akala kadi nyekundu dakika ya 13. Wapo wanaosema kosa ni la Gueye peke yake. Wapo wanaosema Keane ndiye aliyechokoza kwa kumsukuma. Kundi la tatu, ambalo ndilo lililonifanya niandike, linauliza viongozi wa ile timu walikuwa wapi. Mimi nilivaa kitambaa cha unahodha misimu 4 kwenye timu ya ridhaa, na vijana wangu wawili walipigana katikati ya mechi nikiwaona kwa macho yangu. Kwa hiyo hili la viongozi linanigusa.

La kadi tulimalize haraka. Aliyeandika kwamba mwamuzi angeliacha kwa kuwa ni "mambo ya nyumbani kwao" amekosea. Sheria ya 12 ya mpira haichagui wa kupigwa: mpinzani, mwenzako, mwamuzi, hata shabiki, ukimpiga yeyote ni nyekundu. Tena Everton wana bahati kwamba mpira ulikuwa umeshatoka baada ya shuti la Bruno Fernandes wa United. Mpira ukiwa bado unachezwa, kumpiga mwenzako ndani ya boksi lenu ni penalti kwa wapinzani. Wengi hawalijui hilo, na mimi sikulijua mpaka siku moja mwamuzi mmoja aliponieleza.

Mwenye mkono ndiye mwenye kosa. Hapo sina mjadala. Keane alisukuma, na kusukuma kule hakukuwa sawa, lakini kati ya kusukumwa na kunyanyua mkono kuna nafasi ya kugeuka na kuondoka. Gueye hakuitumia. Baada ya mechi aliomba radhi mbele ya wenzake chumbani, kisha akaomba radhi hadharani, na sijaona mahali alipojitetea kwa kusema alichokozwa.

Sasa hili la nahodha. Wanaosema "nahodha alikuwa wapi" wamesahau kwamba Séamus Coleman, nahodha wa Everton, alianza mechi ile akaumia na kutoka dakika ya 10. Dakika tatu kabla ya kofi. Tuseme basi kwamba angekuwepo lisingetokea? Angalieni ya Stoke City, Desemba 2008, pale kwa West Ham. Stoke walikuwa wanaongoza, wakasawazishiwa mwanzoni mwa kipindi cha pili, Ricardo Fuller akamfuata beki aliyemwona amezembea akampiga kofi. Beki mwenyewe alikuwa Andy Griffin, nahodha wa siku hiyo! Nahodha alikuwepo, na shavu lililopigwa lilikuwa lake. Stoke walimaliza pungufu na kufungwa 2-1. Kwa hiyo kuwepo au kutokuwepo kwa mwenye kitambaa sekunde ile hakutupi jibu tunalolitafuta.

Niwasimulie ya kwangu.

Tulikuwa na winga wa kushoto mwenye mbio na chenga, aliyetufungia mabao mengi msimu ule, ila kurudi kukaba hakutaka. Nyuma yake tulikuwa na beki wa kushoto mtulivu, mtu wa kazi, asiye na maneno mengi. Kila mechi beki yule alibaki peke yake na watu wawili, winga wa wapinzani na beki wao aliyepanda. Kama mechi ya tano hivi alinifuata tukiwa tunavua viatu, akaniambia, "Nahodha, upande wangu nabaki mwenyewe. Zungumza naye." Nikamjibu, "Vumilia kidogo, tunashinda." Wiki mbili baadaye akanifuata tena, nikamjibu vilevile. Mara ya tatu hakuja. Nikadhani yamekwisha.

Mechi ambayo yalitokea tulikuwa nyuma 2-0, na mabao yote mawili yalipitia upande ule. Likaingia la tatu kwa njia ileile. Beki akatembea moja kwa moja kwa winga. Sikusikia aliyoyasema, niliona tu winga akitandaza mikono kama mtu anayesema yeye yanamhusu nini. Beki akamsukuma kifuani. Winga akarusha ngumi. Mimi ni beki wa kati na nilikuwa mbali kidogo, nikakimbia, lakini hapa ndipo penye kosa ambalo sijalisahau: nilikimbilia kwa mwamuzi. Nilitaka kumsihi asitoe kadi. Wakati naongea naye, ngumi ya pili ikarudi, na hiyo ilikuwa ya beki. Aliyekuwa karibu nao kabisa alikuwa kiungo wetu mkabaji, kijana mdogo, amesimama hatua tatu kutoka pale na mikono kiunoni. Aliyekuja kuwaachanisha ni mshambuliaji wa wapinzani.

Wote wawili nyekundu. Tukabaki 9. Mabao yaliyofuata sina haja ya kuyahesabu.

Kwa miaka mingi nilijiuliza kwa nini yule kijana alisimama tu. Siku moja nikamuuliza. Akasema aliogopa kwamba akimshika mmoja, mwingine ataona amechukua upande. Alikuwa na haki ya kuogopa, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia afanye nini likitokea jambo kama lile. Tulifanya mazoezi ya kona na ya mpira wa adhabu, tukapanga hata nani asimame wapi kwenye kurusha, lakini hili hatukuwahi kulitaja. Ndiyo maana Old Trafford macho yangu yalimfuata Jordan Pickford. Kipa alitoka langoni, akamfuata Gueye mwenyewe, akamkamata na kumsogeza mbali na Keane. Hakwenda kwa mwamuzi kubembeleza. Mlioandika kwamba Everton hawakuwa na kiongozi uwanjani, itazameni tena picha ile.

Iwekeni sambamba na Newcastle, tarehe 2 Aprili 2005, St James' Park. Lee Bowyer na Kieron Dyer walikwidana wakati timu yao iko nyuma 3-0 dhidi ya Aston Villa, na Steven Taylor alikuwa ameshatolewa. Gareth Barry wa Villa ndiye aliyemvuta Bowyer. Mpinzani! Nilipoiona nilimkumbuka yule mshambuliaji aliyewaachanisha wangu. Chanzo kilichosemwa kilikuwa pasi: Bowyer aliona Dyer hampi mpira. Wazima wawili, wachezaji wa timu ya taifa, kwa sababu ya pasi. Lakini mtu hamrukii mwenzake kwa pasi moja. Ile pasi moja ilikuwa ya mwisho kati ya nyingi, kama bao lile la tatu kwa beki wangu.

Na kilichofuata Newcastle ndicho kinachonifikirisha zaidi. Kocha Graeme Souness aliwaleta wote wawili mbele ya waandishi wa habari, akakaa nao, wakaomba radhi. Nafahamu alitaka kuonyesha kwamba klabu imesimama imara. Bowyer alipigwa faini na klabu na kufungiwa zaidi ya mwenzake. Wote wawili waliikosa nusu fainali ya Kombe la FA iliyokuja siku 15 baadaye, Newcastle wakafungwa na Manchester United 4-1, na ligi wakamaliza nafasi ya 14. Sisemi ugomvi ule peke yake ndio uliozaa hayo, timu ilikuwa na matatizo tangu mwanzo wa msimu. Ila nikiwaona wale wawili pale mezani nawaona watu walioachanishwa tu, bado hawajapatanishwa.

Kwetu ilikuwa mbaya zaidi. Kocha aliitisha kikao siku mbili baadaye, wote tukae duara, kila mmoja aseme nani mkosaji. Kisha watu wakanyoosha mikono. Mimi nilinyoosha pia, na nilinyoosha dhidi ya winga, kwa kuwa yeye ndiye aliyerusha ngumi ya kwanza. Nilijiona nimetenda haki. Winga alisikiliza hesabu, akachukua begi lake, akaondoka. Hakurudi, na marafiki zake wawili wakamfuata kabla mwezi haujaisha. Waliobaki waligawanyika, hata kwenye kupasha misuli ungeona nani anasimama na nani. Beki aliyeshinda ile kura hakuwa na raha yoyote. Msimu mzima uliobaki alicheza kama mtu anayeomba samahani kwa kuwepo uwanjani.

Ndiyo maana nikiona watu wanagombana kwa siku tatu nani alianza, Gueye au Keane, natamani kuwashika mkono. Sisi mashabiki tuna haki ya kubishana, lakini kocha au nahodha akiliingiza swali hilo ndani ya chumba amewaambia wachezaji wachague kambi. Swali la maana ni tofauti: huyu alikuwa analalamikia nini, na je, alikuwa na hoja? Old Trafford Gueye alikasirikia namna mpira ulivyopotea karibu na lango lao. Hilo ni jambo la kimpira, linajibika ubaoni kwa chaki: pasi ile ilipaswa kwenda wapi, na beki alipaswa kusogea lini. Ukilijibu hilo, hasira inakosa cha kula.

Kuna mdau amemlaumu David Moyes, kocha wa Everton siku ile, kwa kusema anapenda wachezaji wanaokwaruzana pale mmoja anapokosea. Mimi namwelewa. Mwezi Julai 2020 José Mourinho naye, akiwa kocha wa Tottenham, aliusifu ugomvi wa kipa na nahodha wake Hugo Lloris na mshambuliaji Son Heung-min, wakati nahodha huyo alipomfuata Son walipokuwa wanakwenda mapumziko dhidi ya Everton kwa sababu hakurudi kukaba. Walisukumana, wenzao wakaingia kati, na mechi ilipoisha walikumbatiana. Tottenham walishinda 1-0. Lloris alifanya hadharani kile ambacho mimi nilishindwa kukifanya kwa siri. Ila naweka mpaka pale mkono unapotua usoni, na Moyes mwenyewe alikuwa na bahati kwamba vijana wake 10 walishinda kwa bao la Dewsbury-Hall. Wangefungwa, yale maneno yasingesameheka. Matokeo yanatupofusha sana kwenye mambo haya.

Msisahau Bayern Munich, Aprili 2023. Baada ya kufungwa 3-0 na Manchester City, Sadio Mané alimpiga Leroy Sané. Klabu ikamtoza faini, ikamwacha nje mechi iliyofuata dhidi ya Hoffenheim, naye akaomba radhi. Adhabu ilikamilika kwa karatasi. Majira ya joto yalipofika Mané akaenda Al Nassr ya Saudi Arabia. Hakuondoka kwa kipigo kile tu, msimu wake ulishavurugwa na jeraha, lakini somo nililolipata ni kwamba faini haimrudishi mtu ndani ya timu. Anarudishwa na watu, kwa siku nyingi.

Msimu uliofuata kwetu kulitokea mwingine, safari hii mazoezini, kati ya kipa na beki wa kati mwenzangu. Tulikuwa tumeshakubaliana: aliye karibu anaingia, na anamkamata yule aliye rafiki yake, siyo yule anayemwona mkosaji. Unamkumbatia kwa nyuma, unamgeuza asimwone mwenzake, humwambii neno lolote. Yule kijana kiungo ndiye aliyemwahi kipa. Jioni ile niliongea na kila mmoja peke yake, nikasikiliza tu. Kesho yake nikakaa nao wawili mbele ya ubao, tukaongea kuhusu mipira ya juu: ni ipi kipa anaitoka na ni ipi anaiacha. Halafu mbele ya wenzao kila mmoja akaomba radhi kwa mkono wake mwenyewe. Hakuna aliyeulizwa nani alianza. Walicheza pamoja misimu miwili zaidi.

Kwa hiyo mkiniuliza nahodha alaumiwe kwa lipi, mimi nilaumiwe kwa zile mara mbili nilizomwambia beki wangu avumilie. Ngumi zilikuwa zao, lakini yale majibu yalikuwa yangu.

Winga nilionana naye baadaye sana, akiwa ameshaacha mpira. Nikamwomba radhi kwa kuunyoosha mkono wangu kwenye kikao kile. Akaniambia ngumi ya beki aliisahau siku ileile, na kwamba laiti ningemwambia mapema kuhusu kukaba angerudi, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumwambia.