Muulize Mwalimu wa Maabara: Sahani imegeuka zambarau

SWALI: Shikamoo mwalimu. Huu ni mwaka wangu wa kwanza kwenye maabara ya kupima samaki. Juzi nilipandikiza sampuli ya jodari kwenye ageri ya Niven (chakula kigandishwe cha kuoteshea bakteria sahanini), nikaiotesha kwa nyuzi 37 kwa siku mbili. Zaidi ya nusu ya koloni zimegeuka zambarau. Lakini kipimo cha haraka cha histamini, ile sumu ambayo bakteria huitengeneza ndani ya samaki, kwa kipande kilekile kimesoma miligramu 8 tu kwa kilo. Msimamizi anataka shehena yote itupwe. Mwenzangu anasema samaki ni salama, tuwaachie. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wote wawili wamewahi kuhukumu, ila mwenzako kavuka mpaka zaidi.

Tuanze na hiyo rangi. Ageri ya Niven, iliyotangazwa mwaka 1981, ina histidini nyingi (asidi amino iliyomo pia kwenye nyama ya samaki) pamoja na rangi ya bromokresoli, ambayo ni njano penye asidi na zambarau asidi ikipungua. Ageri yenyewe huanzia pH 5.3, yaani penye asidi. Bakteria mwenye kimeng'enya cha kugeuza histidini kuwa histamini hupunguza asidi iliyomzunguka, na koloni yake ikavaa zambarau. Tatizo ni kwamba rangi haijali nani kaipunguza. Bakteria anayetoa amonia tu hupata zambarau ileile. Nilipokuwa na umri wako niliandika ripoti nzima juu ya koloni 14 za “watengenezaji wa histamini”. Mkuu wangu, mama mmoja asiyepandisha sauti, akaniambia nizioteshe moja moja kwenye mchuzi wa maabara (kimiminika cha kuoteshea bakteria) wenye histidini, kisha nipime histamini ndani ya mchuzi wenyewe. Zilizoitoa kweli zilikuwa 5. Ripoti niliichana mwenyewe kabla hajaiomba.

Nawe fanya hivyo, kisha uwatambue waliobaki. Akitokea Morganella morganii, mshike vizuri. Huyo ni miongoni mwa hodari wa kazi hii. Wengine wa kuwatazamia ni Raoultella planticola, Hafnia alvei na Klebsiella aerogenes, ambaye vitabu vya zamani vinamwita Enterobacter.

Kinachonisumbua zaidi ni wale ambao hukuwaona. Nyuzi 37 ni joto la mwili wa binadamu, na hakuna anayehifadhi jodari humo. Photobacterium phosphoreum na Morganella psychrotolerans huzaliana kwenye baridi ya friji, na joto lako limewafukuza. Huyo Photobacterium pia anataka chumvi na haelewani na asidi ya Niven. Weka sahani nyingine, ageri ya Long na Hammer, uieneze sampuli juu yake ageri ikiwa imeshapoa, na uiache kwa nyuzi 15 siku 5 hadi 7. Najua msimamizi atanuna kusubiri. Mwache anune.

Mkiwa na mashine ya PCR, inayonakili vipande vya DNA ili vionekane, mnaweza kutafuta jeni ya kimeng'enya hicho cha histamini kwa saa chache. Ila jeni ya bakteria aliyekufa nayo husomeka, na vianzishi (vipande vya DNA vinavyoitafuta jeni) vilivyotengenezwa kwa bakteria wa gramu hasi, kundi la akina Morganella, havitamkamata Tetragenococcus wa samaki wa kuchachushwa, kwa sababu kimeng'enya chake ni cha aina nyingine kabisa.

Sasa hiyo 8. Nane ya kipande kimoja ni nane ya kipande kimoja. Histamini haienei sawasawa hata ndani ya samaki mmoja: bakteria hutoka kwenye matamvua na utumbo, kwa hiyo minofu ya karibu na kichwa na tumbo inaweza kuwa imeharibika huku ya mkiani ikisoma vizuri. Wewe ulikata wapi? Hujaniambia. Umoja wa Ulaya hutaka sampuli 9 kwa shehena, na hata moja isizidi miligramu 200 kwa kilo. 200 ndiyo pia kikomo cha usafi cha Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula.

Kumbuka pia vipimo viwili hivi havijibu swali moja. Histamini inakueleza samaki amepitia nini; bakteria wanakueleza atakuwaje akikosa barafu. Kwa hiyo shehena izuiwe kwenye baridi, isitupwe wala isitoke. Chukua sampuli 9, na uombe kumbukumbu za joto tangu samaki alipotolewa majini. Mara nyingi karatasi hiyo imenipa jibu kabla sahani haijaota.

SWALI: Nikimkaanga samaki mpaka akauke, hao bakteria si watakufa?

JIBU: Watakufa. Histamini haifi, kwa sababu haijawahi kuwa hai: kikaango, mvuke wa kiwandani na jokofu vyote huiacha ilivyo. Ndiyo maana samaki wa kopo hatuhangaiki kumpandikiza; tunapima histamini yenyewe. Nawe ukihisi ulimi unawasha kama umeng'ata pilipili ambayo hukuitia, tema. Uso ukiwiva, kichwa kikigonga na moyo ukienda mbio ndani ya saa moja au mbili, mweleze daktari kwamba ulikula samaki, na samaki gani. Pumzi ikibana, usingoje hata dakika.