Maswali ya gereji: taa ya ABS na ndugu zake

Tangu mvua zianze, ujumbe mwingi ninaopokea ni wa taa za njano za dashibodi, kama ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasifunge unapokanyaga breki). Nimechagua mitano.

Fundi, nilibadilisha beringi ya mbele kulia maana ilikuwa inavuma. Mvumo umekwisha, ila taa ya ABS imewaka siku hiyohiyo. Fundi wangu anasema sensa imekufa, ninunue nyingine. (Tabata, Dar es Salaam)

Usinunue kwanza. Taa iliyowaka baada ya kazi inakutaka uikague kazi yenyewe. Magari mengi ya miaka ya karibuni hayana tena ile pete ya chuma yenye meno, ambayo sensa huisoma ili kujua mwendo wa gurudumu. Mpira wa upande mmoja wa beringi umetiwa sumaku, na sensa inasoma sumaku hiyo inavyozunguka. Upande huo lazima utazamane na sensa. Kwa macho haujitofautishi sana na wa pili, na hapo ndipo watu hukosea. Beringi ikipigwa presi kinyume, gurudumu litazunguka vizuri, halilii wala halichezi, lakini kompyuta haioni kitu.

Kipimo changu ni klipu ndogo ya karatasi. Kabla ya presi, iguse kwenye uso wa beringi: upande wenye sumaku utaishika kidogo tu, kama ulimi uliolowa unavyoshika karatasi, na upande wa pili itaanguka. Ikianguka pande zote mbili, umeuziwa beringi isiyo na sumaku kabisa, nazo zipo madukani. Sumaku ya spika usiisogeze karibu, itavuruga ile ya beringi.

Kama kweli imewekwa kinyume, jiandae kununua nyingine, kwa sababu kuing'oa kwa presi huziumiza gololi. Nani alipe, hilo mmalizane wenyewe.

Ikiwa beringi iko sawa, fuata waya. Mimi mwenyewe nilishawahi kununua sensa mbili kwa pupa, kumbe waya umekatika ndani ya mpira wake, pale unapojikunja kila usukani ukikatwa. Kwa nje ulikuwa mzima kabisa. Sasa hivi naweka mita, kisha mtu anaukunja waya taratibu huku mimi naangalia namba. Sensa za zamani za koili husoma takriban ohm 1,000 hadi 2,000 kwa magari mengi. Zile za beringi zenye sumaku usizipime kwa ohm. Pima kama umeme unazifikia.

Subaru Forester yangu imewasha taa ya injini, ya VDC (mfumo wa kuzuia gari lisiteleze), na ya cruise (ya kushikilia mwendo) inapepesa, zote kwa pamoja. Nimeambiwa pampu ya ABS imekufa. (Arusha)

Pampu iache. Injini ikipata kosa, Subaru huzima VDC yenyewe, kwa sababu mfumo huo unategemea injini itii amri ya kupunguza nguvu. Soma kosa la injini, litengeneze, na mara nyingi taa zote tatu zitazimika pamoja. Toyota nazo hufanya hivyo: ukikuta namba ya kosa C1201 upande wa breki, maana yake ni "nenda kaangalie injini".

Fundi, habari za kazi. Gari yangu ikikaribia kusimama, kwenye lami kavu, pedali inatetemeka na kunguruma. Taa hakuna. Pedi na diski ni mpya. (Mombasa)

Huo ni ABS unaofanya kazi wakati hautakiwi. Kwenye mwendo mdogo ishara ya sensa ya koili ni dhaifu. Pete ya meno ikiwa na ufa, au kutu imejaa chini ya sensa na kuisukuma mbali, ishara hukatika, nayo kompyuta hudhani gurudumu limefunga. Kwenu pwani chumvi inakula vyuma, na magari yaliyotoka sehemu za theluji za Japani huja na kutu ya chumvi ya barabarani.

Nenda uwanja mtupu, chomoa fyuzi ya ABS, jaribu polepole. Mtetemo ukiisha, unganisha mashine inayoonyesha mwendo wa kila gurudumu, rudisha fyuzi, kisha simama taratibu. Gurudumu litakaloshuka hadi sifuri kabla ya wenzake ndilo la kufungua. Fyuzi usiisahau mfukoni.

Naweza kusafiri hadi Dodoma taa ya ABS ikiwa inawaka? (Morogoro)

Ikiwa ni ya njano peke yake, breki za kawaida zipo. Acha nafasi kubwa mbele. Ikiwaka pamoja na ile nyekundu ya BRAKE na hendibreki imeshushwa, usiondoke. Ama mafuta ya breki yamepungua, ama mgawanyo wa breki kati ya mbele na nyuma umepotea, na magurudumu ya nyuma yanaweza kufunga kwanza.

Kifaa changu cha bluetooth kinasema hakuna kosa, na taa ya ABS inawaka! (Mwanza)

Vile vya bei rahisi vingi husoma injini tu. Kwa Toyota nyingi za miaka ya 2000 kuna njia ya waya: swichi ikiwa imezimwa, unganisha tundu la 13 na la 4 kwenye soketi iliyo chini ya dashibodi, kisha washa swichi bila kuwasha injini. Hesabu matundu mara mbili, kwani la 16 lina umeme wa betri. Likikutana na la 4, fyuzi imekwenda. Taa itapepesa tarakimu: 31 ni sensa ya mbele kulia, 32 mbele kushoto, 33 nyuma kulia, 34 nyuma kushoto, na 41 ni umeme mdogo, basi anza na betri na altaneta. Ikipepesa haraka bila kupumzika, hakuna kosa lililohifadhiwa.