Baiskeli na watoto Dodoma: pa kuanzia, na namna ya kuishi na mbigili

Mkuu, umeuliza pa kuwapeleka mama watoto na watoto wawili wanaojifunza baiskeli, sasa mmehamia Dodoma kutoka Tanga. Huku usitafute kwanza urefu wa njia wala mandhari, tafuta ardhi ngumu isiyo na miiba. Tanga ni tambarare na adui wa baiskeli ni chumvi inayokula cheni. Dodoma adui ni mchanga, upepo na mbigili.

Mtoto ambaye hajajua kubalansi aanzie kwenye uwanja wa mpira wa mtaani, ule ambao udongo wake umeshindiliwa na una mteremko kidogo sana. Toa pedali kwa spana namba 15. Ya kushoto hufunguka kwa kuzungusha kama mshale wa saa. Wengi hulazimisha upande mwingine hadi wanaharibu krenki, yaani mkono unaoshika pedali. Shusha siti mpaka nyayo zote mbili zikanyage chini kikamilifu, kisha ajisukume kwa miguu na kuinyanyua aserereke. Akienda mita kama kumi bila kugusa chini, na akasimama kwa breki badala ya kandambili, rudisha pedali. Vile vigurudumu vya pembeni siviungi mkono: mtoto anazoea kuvilalia, na siku vikitolewa anaanza upya.

Wakishabalansi, wapeleke Mji wa Serikali, Mtumba, Jumapili asubuhi. Lami ni pana na magari ni machache kuliko siku za kazi. Ni kilomita kama 17 kutoka mjini, na msiziendeshe, kwa sababu barabara ya Morogoro ina malori na mabasi. Kodi kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, mpakie baiskeli, upande wa cheni ukiwa juu. Mkifika wasalimieni walinzi, mwaeleze mnachofanya, na msipige picha majengo. Barabara za ndani ya Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) nazo ni nzuri ila zina vilima. Ziache mpaka mtoto awe anabana breki ya nyuma kwanza, ndipo ya mbele kwa upole. Akibana ya mbele peke yake kwenye mteremko, anaweza kurushwa juu ya usukani.

Tokeni saa 12:30 asubuhi, saa 3:00 muwe mmerudi. Kuanzia Juni hadi Oktoba upepo wa huku huvuma zaidi kutoka mashariki na kusini-mashariki, na huongezeka jua likipanda. Kwa hiyo anzeni kwa kuelekea mashariki wakati miguu ina nguvu, mrudi mkisukumwa. Mkifanya kinyume, mtoto atagoma katikati ya njia. Juni na Julai asubuhi kuna baridi, wavae masweta.

Sasa mbigili. Hutambaa pembeni mwa njia za vumbi, una maua madogo ya njano, na mvua zikiisha mbegu zake hukauka zikawa miiba migumu. Pita ndani ya mikondo ya magurudumu ya magari, usikate kona kwenye majani. Ukiona mwiba kwenye tairi usiung'oe hapo hapo kama huna pampu na viraka, maana mara nyingi ndio unaozuia upepo kutoka. Ukiziba pancha, pitisha kitambaa ndani ya tairi pande zote. Ncha ya mwiba ikibaki, itatoboa tena mkiwa bado njiani. Piga msasa tyubu palipotoboka, paka solusheni nyembamba, subiri dakika kama tano mpaka isinate kidoleni, ndipo ubandike. Kiraka kilichowekwa gundi ikiwa mbichi hubanduka kwa joto la lami.

Kwenye mchanga mwingi, mwanafunzi aweke gia nyepesi, aendelee kukanyaga, asikate usukani. Gurudumu la mbele likizama ashuke asukume.

Cheni usiiloweshe oili kama mlivyozoea pwani. Vumbi likichanganyika na oili huisaga. Tone moja kwa kila kiungo, kisha futa kwa kitambaa mpaka nje pawe pakavu.

La mwisho, na hili ni zito: mdogo asikalie keria tupu. Kisigino huingia kwenye spoku, na jeraha lake ni baya sana. Tafuta kiti chenye mkanda na kinga ya miguu pande zote mbili. Kama hakipatikani, asibebwe.