Tovuti ya Halmashauri: Mfumo Huria au Mfumo wa Kampuni?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni ofisa TEHAMA katika halmashauri moja ya wilaya nchini Tanzania. Tovuti yetu ilitengenezwa na kampuni inayotumia mfumo wake yenyewe wa kusimamia maudhui, na kila mwaka tunalipia leseni na matengenezo. Mkataba unakaribia kwisha. Napendekeza tuhamie kwenye mfumo huria, yaani ule ambao msimbo wake (maandishi yanayoiunda programu) uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuutumia, kama WordPress au Drupal, lakini kampuni imewaambia wakuu wangu kwamba msimbo unaosomwa na kila mtu ni sawa na kuwakabidhi wezi ramani ya nyumba. Niwajibu nini? (Msomaji, Kanda ya Ziwa)

JIBU: Ndugu msomaji, hoja hiyo ina chembe ya ukweli, na ukiikana yote utaumbuka siku wakuu wako watakapoletewa mfano. Mfano wenyewe upo. Oktoba 2014 ilitangazwa kasoro katika Drupal iliyomwezesha mtu asiye na akaunti yoyote kupenyeza amri zake katika hifadhidata ya tovuti, na wiki mbili baadaye timu ya usalama ya Drupal ikaonya kwamba yeyote ambaye hakuweka kiraka, yaani sasisho la kuziba kasoro, ndani ya saa 7 tangu tangazo lilipotoka aichukulie tovuti yake kuwa imekwisha kuingiliwa. Saa 7 ni muda ambao katika ofisi zetu nyingi dokezo halijatoka masijala.

Hata hivyo, kuficha msimbo hakukuwaokoa wengine. Julai 2025 wadukuzi waliingia katika seva za SharePoint, mfumo wa Microsoft ambao msimbo wake haukufunguliwa kwa umma, na miongoni mwa walioathirika zilikuwamo taasisi za serikali ya Marekani. Waulize wakuu wako ni nani, nje ya kampuni hiyo, amewahi kuukagua mfumo wenu, na kasoro ikigunduliwa usiku wa Ijumaa ni nani atakayeiziba kabla ya Jumatatu. Drupal na WordPress zina watu wengi wanaozichunguza na utaratibu wa kutangaza kasoro hadharani. Mfumo wa kampuni ndogo wenye wateja wachache huonekana salama mara nyingi kwa sababu tu hakuna aliyeutazama. Nikuonye wewe pia: katika WordPress sehemu kubwa ya matundu hutokea kwenye programu-jalizi, yaani programu ndogo za kuongezea uwezo, siyo kwenye mfumo wenyewe, kwa hiyo halmashauri inayopachika programu-jalizi arobaini ili tovuti ipendeze imejitafutia taabu ambayo haihusiani na uhuria wa msimbo.

Kwa maoni yangu, jambo la kuwasisitizia zaidi ni uwezo wa kuondoka. Hapa pana kisa kinachotugusa kwa jina lake. Mwaka 2005 watengenezaji wa mfumo huria ulioitwa Mambo walikorofishana na kampuni ya Australia iliyokuwa na haki ya jina hilo, kuhusu nani awe na usemi katika taasisi iliyoundwa kuusimamia. Kwa kuwa leseni iliruhusu, walichukua msimbo wote, wakaondoka nao, na mwaka huohuo wakatoa mfumo wao walioupa jina la Joomla, ambalo ni neno letu "jumla" lililoandikwa kwa tahajia itakayowawezesha wageni kulitamka. Waliobaki nyuma walikuwa na jina. Kazi ilikuwa imeondoka. Halmashauri yenu ingefanya nini leo ikikorofishana na kampuni hiyo? Ikiwa msimbo, hifadhidata na nenosiri la msimamizi vyote viko mikononi mwake, mtabaki na jina la tovuti tu, na hilo nalo hakikisheni limesajiliwa kwa jina la halmashauri.

Tovuti ya Ikulu ya Marekani ilihamia Drupal mwaka 2009 ikitoka kwenye mfumo wa kibiashara, kisha mwaka 2017 ikaiacha Drupal na kwenda WordPress. Kuhama si aibu wala si mwisho wa dunia, mradi maudhui yanahamishika.

Usiwaahidi wakuu wako kwamba mfumo huria ni bure. Leseni ndiyo isiyolipiwa. Seva, nakala rudufu na mshahara wa mtu anayeweka viraka vinalipiwa. Isitoshe, matoleo huzeeka: Drupal 7, iliyotoka mwaka 2011, ilifikia mwisho wa kuhudumiwa tarehe 5 Januari 2025, na kwa tovuti nyingi kuhamia toleo jipya kulikuwa karibu sawa na kujenga upya. Ikiwa halmashauri haina mtu hata mmoja wa kushughulikia masasisho, wala fungu la kumlipa mkandarasi, ni afadhali mbaki na mfumo wa kampuni yenye mkataba mkali kuliko kuwa na WordPress iliyotelekezwa.

Lakini wewe upo, na unaonekana kujali. Kwa hiyo naunga mkono pendekezo lako, na kwa tovuti ya matangazo, zabuni na taarifa kwa wananchi ningechagua WordPress yenye programu-jalizi chache, badala ya Drupal ambayo mtaalamu wake ni adimu wilayani. Kabla ya kuandika chochote kwenye zabuni, wasilisheni mpango wenu kwa Mamlaka ya Serikali Mtandao, kwani Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 inazitaka taasisi za umma kufuata viwango na miongozo yake. Na msisubiri mkataba uishe ndipo muombe nakala kamili ya hifadhidata na picha zenu. Iombeni sasa, wakati kampuni bado inatarajia malipo.

SWALI: Je, serikali ya kaunti ikitumia mfumo huria, inalazimika kuwapa watu wote msimbo wa tovuti yake? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Hapana. WordPress, Drupal na Joomla zote ziko chini ya leseni ya GPL, ambayo masharti yake ya kutoa msimbo huanza pale unapomgawia mtu mwingine programu yenyewe. Kuiendesha kwenye seva yenu ili wananchi wasome kurasa si kuigawa, na nyaraka mnazoziweka humo haziguswi na leseni hiyo hata kidogo.